Studio ya sebuleni

Leo sebule yetu imegeuka studio ya picha, jamani.

Wiki nzima nimepiga hesabu za taa za kununua hadi nikakata tamaa. Asubuhi nikasukuma makochi ukutani, nikatundika shuka jeupe dirishani ili jua lisichome uso, na jeusi likawa pazia la nyuma. Mama akakaa kwenye stuli, kama mita 1.5 mbele ya pazia, bega moja likielekea dirishani.

Picha za kwanza, aibu tupu. Shavu moja sawa, jingine la njano utadhani anaumwa. Kumbe taa ya darini nimeiacha inawaka!

Nikaizima. Nikabandika foili ya jikoni kwenye boksi, mdogo wangu akalishika upande wa kivuli ili mwanga wa dirishani ugonge foili na kurudi usoni mwa mama.

Hapo ndipo nikaona.

Ndani ya macho ya mama, dirisha dogo jeupe. Moja kila jicho. Ukiikuza picha unaona hadi fremu yake.

Mama akaitazama kimya, halafu: "Kumbe nimefanana na bibi yako hivi?"

(Mdogo wangu bado analalamika mkono unamuuma.)

Nyie mnaopigia picha nyumbani, jua likizama mnatumia nini?