Glasi ya maji

Kwenye mtihani wangu wa mwisho wa uzamili wa upasuaji nilipangiwa mama mwenye goita, rovu kama bibi zetu wanavyoita. Nikashukuru kimoyomoyo, maana hiyo ni kesi ya kuombea. Nikatiririka historia yote, nikazunguka nyuma ya kiti, nikapapasa shingo, nikaanza kueleza mpango wa upasuaji. Mtahini wa nje, mzee mpole, akanikatisha: "Dokta, mgonjwa amemeza saa ngapi?"

Nikakauka. Glasi ya maji ilikuwa pale mezani, imefunikwa kisahani. Uvimbe wa tezi hiyo ya shingo hupanda mtu anapomeza, na hilo nililijua tangu mwaka wa tatu wa shahada ya kwanza. Ila miaka miwili wodini sikuwa nimemnywesha mgonjwa yeyote maji. Majibu ya ultrasaundi yalikuwa yanafika kabla yangu.

Nilifaulu kwa kuponea. Usiku ule nikatoa fomu zangu za rotesheni, zile mabingwa wanazotujazia alama zamu ya wodi ikiisha, nikazipanga kitandani. Maarifa 4 kati ya 5, stadi za mikono 4, mawasiliano 4, nidhamu 5. Zote hivyo. Bingwa mmoja alinijazia yake koridoni, karatasi ameiegemeza ukutani, akiniuliza, "Hivi jina lako la pili nani vile?" Kisha akanipa 4 ya mawasiliano, na hakuwa amenisikia nikiongea na ndugu wa mgonjwa hata siku moja. Simlaumu sana, alikuwa anasubiriwa tiyeta. Na mimi sikulalamika. Nani alalamikie 4?

Walichokuwa wanapima ni ripoti zangu. Asubuhi kwenye raundi unasimama mbele ya kitanda, unasema tumbo ni laini na ini halipapasiki, bosi anaitikia, mnasonga. Kama uliweka mkono au hukuweka, anajua Mungu na mgonjwa.

Logibuku nayo ina yake. Residenti, yaani madaktari wanaosomea ubingwa, wanaopita njia ya COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji cha kanda yetu kilichoanza 1999 chenye makao Arusha, huandika kila upasuaji walioshiriki na nafasi waliyoshika. Kwa kuhesabu ni safi. Henia 40 ni henia 40. Kama fundo la arobaini lilikazwa vizuri kuliko la kwanza, logibuku haina habari.

Oski, ule mtihani wa vituo na kengele alioubuni Ronald Harden kule Dundee na kuuchapisha 1975, unapunguza bahati: wote mnakutana na kazi zile zile, mbele ya watahini wale wale. Lakini ni siku moja, na siku hiyo kila mtu ananawa mikono.

Sasa hivi msimamizi ni mimi, na kwa miaka kadhaa nimegawa 4 kama pipi. Mwaka huu nikaamua kufuata utaratibu wa Mmarekani John Norcini, wa 1995: kaa pembeni kama robo saa, mtazame residenti na mgonjwa halisi, halafu mwambie ulichoona. Kazi ni kufunga mdomo hiyo robo saa. Mara mbili nimejikuta nimeshasimama.

Mwezi uliopita nilimkalia kijana wa mwaka wa pili, kliniki. Mkono wake mzuri kweli. Akamsimamisha mzee, akamwambia akohoe, akaipata henia, akakagua na upande wa pili bila kukumbushwa. Akamwambia, "Baba, tutakufanyia heniorafi na meshi, sawa?" Mzee akasema sawa dokta, akachovya dole gumba kwenye wino, akaliweka kwenye fomu ya ridhaa. Nikatoka nyuma yake. Mlangoni alikuwa amemwinamia sista: "Mwanangu, hivi wamesema wananikata wapi?"

Nilimrudisha kijana kwa mzee, na safari hii akachora mstari kwa kidole juu ya suruali ya mzee mwenyewe. Ilichukua dakika nne.

Ijumaa rotesheni yake imeisha. Fomu nimeikuta mezani, kalamu juu yake tayari. Stadi za mikono nimempa 5. Mawasiliano nimeandika 2. Baada ya chakula cha mchana akagonga mlango, fomu mkononi, kwa adabu zote: "Shikamoo bosi. Samahani, naona kama hapa kalamu imeteleza?"