Barua za mwaka juzi zimeingia "leo"

Jamani nimekesha ofisini hapa Mtwara mjini, seva ya barua pepe ilikufa nikarudisha bakapu, asubuhi mama mhasibu ananiita, "we mwanangu, mbona barua za mnada wa korosho wa mwaka juzi zinasoma zimeingia leo?" Kumbe nilikopi kwa cp (amri ya kunakili mafaili) nikasahau -p inayotunza tarehe ya zamani, herufi moja tu jamani, mafaili yote yakachukua tarehe mpya, na Dovecot (programu ya seva inayowapa watu barua zao) inaangalia tarehe ya faili sio ile iliyoandikwa ndani ya barua. Bahati jina la kila faili kwenye Maildir (folda ambamo kila barua ni faili lake) linaanza na sekunde toka 1970 hadi barua ilipoingia, nikaandika kaskripti kanachukua hiyo namba kanarudisha tarehe kwa amri ya touch, nikafuta indeksi za Dovecot ili isome tarehe upya (uidlist, faili la namba za barua, sikuigusa). Simu ya bosi ikagoma kuonyesha tarehe sahihi mpaka nilipotoa akaunti nikaiweka upya.