Nilivyotuma Fimbo ya Kuvulia Kiwandani kwa Nauli Nafuu

Fimbo ya kuvulia ni mzigo mwepesi unaoweza kutozwa nauli ya mzigo mzito, na hilo ndilo jambo ambalo ningependa wavuvi wenzangu tunaoishi Marekani walielewe kabla hawajaitupa fimbo iliyovunjika. Yangu, ambayo naitumia kuvulia samaki aina ya walleye katika Ziwa Erie, upande wa Ohio, ina urefu wa futi saba, imetengenezwa kwa nyuzi za kaboni na hugawanyika vipande viwili. Kipande cha juu kilipasuka chini kidogo ya pete ya tatu ya kupitishia uzi kutoka nchani, mahali ambapo gundi haifui dafu. Dhamana ya mtengenezaji ilikuwa bado haijaisha, ila masharti yake yalimtaka mwenye fimbo alipe nauli ya kuipeleka.

Kabla ya kufunga chochote niliwaandikia kiwandani, nikaambatanisha picha za ufa na risiti ya ununuzi, nikauliza ni sehemu gani hasa wanayoihitaji. Swali hilo lina thamani kubwa, kwa sababu kuna watengenezaji wanaoridhika na kipande kilichovunjika peke yake. Wangu walitaka vipande vyote viwili ili wahakikishe kwamba kipande kipya kinashika barabara kwenye kiungio, wakanipa namba ya matengenezo ya kuandika juu ya kifurushi. Kama kilichoharibika kingekuwa pete ya nchani tu, nisingetuma kitu: pete hiyo huuzwa madukani, hupashwa moto kidogo ili gundi ya zamani ilegee, na mpya ya kipenyo kilekile hubandikwa nyumbani.

Katika kaunta moja ya vifurushi nilionyeshwa boksi la inchi 46 kwa 8 kwa 8, na nauli niliyotajiwa ilikaribia nusu ya bei ya fimbo yenyewe. Sababu yake ni uzito wa ujazo. Urefu, upana na kimo huzidishwa, kisha jibu hugawanywa kwa namba maalumu, nayo nauli hufuata uzito ulio mkubwa kati ya ule wa mizani na ule wa hesabu. Boksi hilo lina inchi za ujazo 2,944. Posta ya Marekani hugawanya kwa 166, hivyo hulihesabu kuwa la ratili 18, na ukigawanya kwa 139, kama kampuni binafsi za usafirishaji UPS na FedEx zinavyofanya katika viwango vyao vingi, unapata ratili 22. Fimbo yangu haifiki hata ratili moja. Boksi la urefu uleule lakini lenye upana wa inchi 3 kwa 3 lina inchi za ujazo 414 tu, na kwa kuwa posta haitumii hesabu hiyo kwa kifurushi kisichozidi inchi za ujazo 1,728, hapo mizani ndiyo inayoamua. Kwa maoni yangu, wembamba wa boksi huokoa fedha kuliko punguzo lolote la bei.

Kwa hiyo nilitengeneza boksi langu mwenyewe kwa kadibodi ya mawimbi. Bomba la plastiki la mafundi bomba ni imara, lakini lina uzito, na mzigo wa mviringo usiofunikwa wote kwa kadibodi unaweza kutozwa ada ya ziada ya ushughulikiaji. Niliitoa rili, yaani kigurudumu cha kuzungushia uzi, nikavifunga vipande viwili pamoja na ufito wa mbao ulio mrefu kuvizidi, ili boksi likikandamizwa mbao ndiyo ibebe shinikizo, kisha nikazungushia sponji kila pete. Miisho miwili niliishughulikia zaidi ya sehemu nyingine yoyote, kwa sababu boksi refu likiangushwa wima, fimbo huteleza na ncha yake hutoboa kifuniko. Niliiziba kwa tabaka za kadibodi zilizobanwa mpaka hakuna kilichocheza nilipotikisa. Ndani niliweka barua yenye anwani yangu, maelezo ya ufa na ile namba ya matengenezo.

Urefu nao una mipaka yake. Posta hutoza ada ya ziada kwa kifurushi kinachozidi inchi 22, na ada kubwa zaidi kinapovuka inchi 30, ilhali UPS na FedEx huanza kutoza ada yao ya urefu baada ya inchi 48. Boksi langu la inchi 46 lilipita chini ya mpaka huo, ndiyo maana safari hii UPS ya barabarani ilikuwa nafuu kuliko posta. Lebo niliinunua mtandaoni kupitia Pirate Ship, tovuti inayouza lebo za usafirishaji, ambako bei huwa chini ya zile za kaunta, nikaichapisha nyumbani na kudai risiti nilipokabidhi mzigo. Kinga ya thamani ya hadi dola 100, mzigo ukipotea au kuharibika, imo ndani ya nauli. Fimbo yangu ni ya zaidi ya hapo, kwa hiyo niliongeza kinga kwa tofauti iliyobaki, baada ya kupiga picha hatua zote za ufungaji.

Kiwanda kiliirudisha ikiwa na kipande kipya, ndani ya boksi lilelile, kama nilivyoomba katika barua.

Ndugu yangu mmoja wa Columbus ana fimbo ya futi saba isiyogawanyika, na kwake hesabu inageuka. Boksi lake litafika takriban inchi 86, hivyo ada ya urefu ya kampuni binafsi haikwepeki. Posta italipokea, kwa sababu urefu ukijumlishwa na mzingo wa inchi 12 (pande nne za inchi 3) unakuwa 98, nayo huduma yake ya vifurushi iitwayo Ground Advantage inaruhusu hadi 130. Hata hivyo nimemshauri aanze kwa kuliuliza duka alikoinunua kama lina utaratibu wa kupeleka fimbo za wateja kwa mtengenezaji, kwa maana duka likikubali, huenda asilipe nauli yoyote.