Maji yaliyokuwa yakikwama: nilivyobadilisha umbo katika kila fremu

Nilikuwa nikiandika programu ndogo ya kuonyesha mawimbi kwa OpenGL, kiolesura cha kuiagiza kadi ya michoro ichore. Uso wa maji ulikuwa wavu wa vipeo (nukta zinazounda umbo) 256 kwa 256, na prosesa ilikokotoa upya kimo cha kila kipeo katika kila fremu, yaani kila picha moja ya mfululizo. Kila kipeo kilibeba baiti 24 za mahali kilipo na uelekeo wa uso, yaani takribani megabaiti 1.5 kwa fremu. Picha ilikwamakwama, nami nikaulaumu wingi wa data.

Hesabu ilinisuta. Kwa fremu 60 kwa sekunde, mzigo wote haufiki megabaiti 100, kiasi ambacho kadi ya michoro hukibeba bila taabu. Nilipopima muda, niliona kwamba glBufferSubData, amri ya kuandika data mpya ndani ya bafa (eneo la kumbukumbu ambamo kadi husoma vipeo), ndiyo iliyokuwa ikila milisekunde, tena si kwa kunakili bali kwa kungoja: kadi huchora ikiwa nyuma ya prosesa, hivyo nilipotaka kuandika juu ya bafa iliyokuwa bado inasomwa, draiva, programu inayoiendesha kadi, ilinizuia mpaka kadi imalize.

Kwanza nilijaribu kuitelekeza bafa ya zamani, kwa kuita glBufferData yenye ukubwa uleule bila data, ili draiva inipe eneo jipya na kuliacha la zamani kwa kadi. Mkwamo ulipungua, ingawa sikupenda kutegemea hisani ya draiva.

Ndipo nikahamia kwenye njia iliyoingia rasmi katika OpenGL 4.4, mwaka 2013: bafa moja yenye ukubwa mara tatu, inayobaki wazi kwa prosesa muda wote. Kila fremu huandika theluthi yake kwa zamu, kisha huweka fensi, alama ambayo prosesa huikagua ili ijue kama kadi imemaliza kusoma, kabla ya kuirudia theluthi hiyo. Siku ya kwanza niliisahau fensi, maji yakachanika kama nguo kuukuu. Kosa la pili lilijificha zaidi: nilisoma vimo vya awali kutoka ndani ya bafa hiyohiyo, ilhali kumbukumbu ya aina hiyo huandikwa haraka kwa mfululizo lakini husomwa polepole mno. Nikatunza nakala ya vimo upande wa prosesa.

Jambo ambalo, nakiri, lilistahili kutangulia nililifanya mwisho. Kwa kuwa vipeo havisogei kando, niliweka nafasi zao katika bafa isiyobadilika, nikawa natuma kimo na uelekeo uliobanwa tu, baiti 8 kwa kipeo, theluthi ya mzigo wa awali.