Wifi alileta busta, mimi nikatoa tepu

Desemba iliyopita tulipofika Ahero kwa mama mkwe, wifi yangu alikuwa ametangulia kutoka Kisumu na alikuwa amenibebea zawadi. Ilikuwa busta, kile kikalio cha kumwinua mtoto garini ili mkanda wa watu wazima umkae. Mwanawe alikuwa hakihitaji tena, naye akaona si vizuri kikae stoo wakati binti yangu ana miaka minne na nusu.

"Nyar Nakuru," akaniambia, yaani binti wa Nakuru, "huyu mtoto unambana. Kiti chenye mikanda mitano kama rubani wa ndege! Mwache akae kama mtu."

Binti alikuwa amesimama papo hapo. Tangu amalize PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, hataki kuitwa mdogo. Alikiweka kile kikalio juu ya sofa ya dani yake, yaani nyanya yake, akakipanda, akanyoosha mgongo na kutuangalia mmoja mmoja ili tuone.

Zawadi ya wifi haikataliwi. Nilimshukuru kwa moyo wote, kwa sababu alikuwa amemfikiria mtoto wangu. Lakini nilimwambia nitampima kwanza. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule hapa Nakuru, na tepu ya kupimia nasafiri nayo kwenye mkoba kama wengine wanavyosafiri na miwani.

Kazi yangu imenifundisha kutoamini miaka. Mzazi akinipigia simu na kusema "nishonee sweta ya mtoto wa miaka mitano", namwomba amlete. Nimewahi kupima watoto wawili wa darasa moja, waliozaliwa mwezi mmoja, na mikono yao ikapishana kwa zaidi ya upana wa kiganja. Sasa kama sweta sishoni kwa miaka, mkanda utakaomshika mtoto gari likigonga nitaupima kwa miaka vipi?

Tulianza na uzito. Kiti chake cha wakati huo kimeandikwa kwenye stika ya rangi ya chungwa kwamba kinabeba mtoto wa kilo 9 hadi 18. Kitabu cha kliniki kilionyesha kilo 16.8. Busta ya wifi nayo ilikuwa na stika yake: kilo 15 hadi 36. Kwa hiyo kwa maandishi peke yake alikuwa anafaa pande zote mbili, na hapo ndipo wazazi wengi hukosea. Kilo 15 zinasema busta hiyo imeanza kumruhusu. Hazisemi kiti cha mikanda mitano kimemkataa.

Niligeuza kile kikalio na kukitazama vizuri. Hakikuwa na mgongo wala mbawa za kichwa, ni kikalio kitupu. Baba yake binti, ambaye hupenda mambo ya magari, akaniambia kwamba Ulaya mwaka 2017 vikalio vya aina hiyo vipya vilianza kuidhinishwa kwa mtoto aliyefika sentimita 125 na kilo 22 tu. Vile vya zamani vyenye stika ya kilo 15 havikuondolewa, bado vinazunguka na vinatufikia huku. Binti nilimpima kwenye nguzo ya veranda, bila viatu, kitabu kikiwa bapa kichwani. Sentimita 104.

Halafu tukaenda garini. Niliweka kikalio kiti cha nyuma upande wa dirisha, kwa sababu katikati gari letu lina mkanda wa kiunoni tu, na busta haitumiki kamwe na mkanda wa namna hiyo. Lazima uwepo na ule unaopita kifuani. Nikamfunga. Mkanda wa juu haukupita katikati ya bega, ulimkata shingoni. Akausukuma kwa kidole gumba, kisha, bila mtu kumfundisha, akaupitisha chini ya kwapa. Ilichukua muda mfupi kuliko ninaotumia kuandika sentensi hii. Mkanda ulio chini ya kwapa hushuka kwenye mbavu, na mwili wa juu unabaki bila kitu cha kuushika.

Wifi akasema, "Atazoea." Nikamwambia, "Dada, njoo uguse hapa."

Nilichotaka aguse ni nyonga za mtoto. Kila anayeshona sare anajua kwamba watoto wa chekechea sketi haiwakai. Ukimshonea mtoto wa miaka minne sketi ya kiuno kama ya dada yake wa darasa la sita, itateremka akiruka mara mbili, kwa sababu kiuno chake na makalio yake ni karibu kipimo kimoja. Hana pa kuishikilia. Ndiyo maana tunawashonea tuniki inayoning'inia mabegani, au tunatia kanda mbili zinazopanda begani. Mtu mzima ukijipapasa mbele, chini kidogo ya kiuno, utapata mifupa miwili imetokeza kulia na kushoto. Mkanda wa gari unaegemea hiyo. Mhandisi wa Volvo, Nils Bohlin, alipoubuni mkanda wa ncha tatu mwaka 1959 aliukata kwa mwili wa mtu mzima, na busta ya kwanza kampuni hiyo haikuitoa mpaka mwaka 1978. Kwa mtoto mdogo mifupa ile bado ni midogo na ya mviringo. Gari likisimama kwa kishindo, mwili unateleza chini ya mkanda, na mkanda unapanda tumboni, penye ini na wengu na utumbo, mahali pasipo na mfupa wa kukinga.

Busta inasaidia kwa kumwinua, ili mkanda wa chini ulale mapajani, na zile pembe zake za pembeni zinauzuia usipande. Ni kitu kizuri na mtoto ataihitaji kwa miaka mingi. Lakini inafanya kazi mtoto akikaa wima tu. Mikanda mitano inamkalisha, atake asitake. Kwa hiyo kumhamisha ni kumpunguzia kinga, na sikuona sababu ya kuipunguza kabla kiti hakijamfukuza.

Tulirudi Nakuru tarehe 27 akiwa kwenye kiti chake kilekile. Alilia mpaka Awasi. Nilimwacha alie, nikamshika mguu.

Njia hiyo mnaijua wengi wenu. Unaondoka Ahero kwenye joto, unapanda Kericho penye chai, na ukifika Londiani baridi imeanza kuuma. Kwenye makutano ya Londiani, Juni 30, 2023, lori liliacha njia likaua watu zaidi ya 50 waliokuwa kando ya barabara, abiria na wachuuzi. Sijawahi kupita pale tena bila kunyamaza. Mbele yako bado kuna Mau Summit, Sachangwan na Salgaa, na malori yanateremka na mizigo yao. Si barabara ya kumwambia mtoto "atazoea".

Kabla ya Londiani alikuwa amelala. Nilimwangalia kwa kioo kidogo. Kichwa kilianguka upande, mdomo wazi, mwili wote umelegea kama kitambaa kilichotolewa majini, na mikanda ilikuwa mahali pake, miwili mabegani, miwili nyongani, mmoja katikati ya mapaja. Nikajiuliza: angekuwa kwenye kile kikalio angekuwa wapi sasa? Angekuwa amepinda mlangoni, mkanda shingoni au mgongoni. Pale nilipata jibu langu zaidi kuliko kwenye tepu. Mtoto ambaye hawezi kukaa wima safari nzima, hata akilala, hajafika kwenye busta isiyo na mgongo.

Na hili la baridi niliseme hapa hapa. Usimfunge mtoto akiwa na jaketi nene. Jaketi lina hewa ndani, mkanda unaonekana umekaza kumbe umekaza hewa. Mimi humvua, namfunga mpaka nisiweze kuufinya mkanda begani ukakunjika kati ya vidole viwili, kisha namfunika leso juu.

Najua wengi mtakaosoma hamna gari, na wenye gari wengi watoto wao huenda shule kwa matatu. Nami binti yangu nimempakata kwenye matatu ya kwenda Njoro mara nisizoweza kuhesabu. Mikanda ililetwa kwenye matatu na kanuni za John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, na kiti cha mtoto humo hakuna. Ninachoweza kukuambia kutoka moyoni ni mambo mawili. Usifunge mkanda mmoja ukizunguka wewe na mtoto pamoja, kwa sababu gari likigonga uzito wako wote unamkandamiza yeye. Na kama kuna nafasi ya kumlipia kiti chake na kukaa mbali na dirisha la mbele, lipa. Mikono ya mama ina nguvu nyingi, lakini si za kushika mtoto wa kilo 17 gari likigonga kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Nililia siku nilipolielewa hilo.

Miezi ikapita. Kila mwisho wa mwezi nilimkalisha kwenye kiti na kuangalia vitu vitatu. Uzito. Mabega, kama bado yako chini ya tundu la juu kabisa mikanda inapotokea. Masikio, kama ncha zake hazijapita ukingo wa juu wa kiti. Mwezi wa Julai nilipitisha kidole kwenye tundu la juu nikakuta bega limelipita, kama upana wa kidole hicho hicho. Kwenye mizani alikuwa kilo 18.3. Alikuwa ametimiza miaka mitano mwezi uliotangulia, ila hilo sikuliweka kwenye hesabu. Kiti kilikuwa kimemaliza kazi yake.

Tukatafuta busta yenye mgongo mrefu. Mtaani utauziwa yoyote, imesuguliwa ikang'aa, na muuzaji hajui ilitoka wapi. Hizo niliziacha. Kiti kilichokuwa ndani ya gari lililogonga kinaweza kuwa na ufa usiouona, na plastiki yenyewe huchoka kwa jua, ndiyo maana viti vingi vina tarehe imechapwa chini. Tulimpata mama mmoja wa Kiamunyi ambaye alikinunua kikiwa kipya na mwanawe amekua. Nilimuuliza waziwazi kama gari lao limewahi kugongwa, hakuchukia. Alikigeuza mwenyewe akanionyesha tarehe, akanipa hata karatasi ya maelezo. Tulilipa shilingi 8,500. Kwa mapato yangu ni tuniki nyingi, na sijutii hata shilingi.

Safari ya kwanza ilikuwa fupi, mpaka Lanet na kurudi. Nilitaka kumwona akikaa kabla ya kumpeleka mbali. Mkanda wa chini ulilala juu ya mapaja, ukigusa nyonga. Wa juu ulipita kwenye ndoano ya kichwani, ukashuka katikati ya bega na kifua. Mgongo wake uligusa kiti wote. Nilimwambia, "Mkanda huu ukihamia kwapani, tunasimamisha gari." Tulisimama mara moja, karibu na Free Area, dakika nne kwa saa ya Baba yake. Hajarudia.

Agosti tukaenda Ahero. Alilala tena kabla ya Londiani, na mbawa za kile kiti zilishika kichwa chake kama kiganja. Wifi alipotuona akacheka, akamkumbatia, akasema, "Ee, sasa amekuwa mtu." Kile kikalio chake bado ninacho, kimefungwa kwenye nailoni juu ya kabati. Nilimwambia kitatumika binti atakapofika sentimita 125, kama stika na plastiki bado ni salama, na akaelewa.

Watu huuliza ataacha busta lini. Uingereza sheria inasema miaka 12 au sentimita 135, chochote kitakachotangulia. Madaktari wa watoto wa Marekani wanataja kama sentimita 145, ambazo wengi huzifikia kati ya miaka 8 na 12. Mimi nimeshika 145, kwa sababu hapo goti hukunja kwenye ukingo wa kiti cha gari bila mtoto kuteleza mbele.

Wiki jana nilimpa mwalimu mmoja lifti nikipeleka sare Njoro. Akaona busta tupu nyuma imefungwa mkanda, akauliza nimemfunga nani. Nikamwambia kina kilo karibu tano, kikiruka kitatupiga kisogoni. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza mtoto wake wa miaka minne na robo anafaa kiti gani. Tulipofika nikatoa tepu.

Kwenye mwimo wa mlango wa kibanda changu nimechora mstari wa chaki ya ushonaji, sentimita 145. Binti akitoka shule huweka begi chini, anaegemeza mgongo pale na kuweka kiganja juu ya kichwa. Jana kilifika 108.