Ukimsifu Portia, taja aliponyamaza

"Binti kaigiza vizuri sana." Sifa ya namna hii haimfai mwigizaji chipukizi, maana kesho hajui arudie kipi. Chukua Portia wa *Mabepari wa Venisi*, tamthilia ya Shakespeare katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya 1969. Akipandishwa jukwaani hapa Arusha, utamsikilizaje?

Kaa nyuma, karibu na mlango. Kumbi zetu nyingi ni za mikutano: bati juu, saruji chini, sauti inagonga ukuta na kurudi. Mwenye mazoezi hapayuki, anapunguza mwendo na kuyamalizia maneno. Mkazo wa Kiswahili uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo pumzi ikiisha, irabu ya mwisho ndiyo humezwa. "Asema" na "aseme" yakisikika sawa, amri imegeuka taarifa. (Masika ikipiga bati, msamehe.)

Portia anapojigeuza mwanasheria mwanamume na kuvaa joho, waigizaji wengi hukaza koo ili wasikike kama wanaume. Kabla kesi haijaisha sauti imekauka. Mjanja hubadilisha miguu na mikono, koo analiacha.

Kipimo chenyewe ni kesi, sehemu ya nne. Shylock, mkopeshaji, ana kisu, Antonio, mdhamini wa deni, kaachia kifua wazi, ndipo Portia anapomzuia Shylock: hati ya deni inampa ratili ya nyama ya Antonio, tone la damu haimpi. Je, alikuja na jibu hilo, au kalipata palepale? Vyote viwili vinakubalika, ila lazima achague kimoja. Kama alikuja nalo, basi maombi yake ya huruma ni mlango anaomfungulia Shylock: amtazame usoni na amwachie nafasi ya kujibu, kwenye huruma, kwenye kulipwa deni mara tatu, hata kwenye kumwitia Antonio tabibu. Kama kalipata palepale, macho yawe kwenye hati, na ukimya kabla ya kumzuia Shylock uwe wa kutafuta. Kinachoharibu ni kuchanganya: anaombea huruma kwa tabasamu la mwenye siri, kisha anaishika hati kwa kiherehere cha asiyejua lolote. Hadhira haitajua kosa ni nini, lakini utawasikia wakianza kukohoa.

Andika ni neno gani lilitangulia ukimya ule, na nani alikuwa akitazamwa. Gauni waachie wapiga picha. Onyesho likirudiwa, rudi nawe: ukimya uliotokea kwa bahati hautakuwepo usiku wa pili.