Skua Mkubwa na Makombo ya Wavuvi

Habari za skua mkubwa kwa kawaida huanzia kwenye unyang'anyi wake, na si bure. Ndege huyu wa rangi ya kahawia, mwenye uzito wa takriban kilo moja na nusu, humwandama angani ganeti, ndege mwingine wa baharini anayemzidi sana kwa ukubwa, akamkamata ncha ya bawa au mkia na kumyumbisha mpaka atapike samaki aliokwisha kuwameza. Kwangu mimi, kumwita mnyang'anyi na kuishia hapo ni kumpunja, maana huvua mwenyewe, hula mizoga, hupora mayai na makinda, na huua hata ndege wazima. Katika visiwa vya St Kilda, magharibi mwa Uskoti, huwinda usiku ndege wadogo wa baharini ambao hurejea viotani gizani kwa kuwakwepa maadui kama yeye.

Mlo wake hutegemea pia shughuli za binadamu. Katika karne ya 20 skua waliongezeka sana visiwani Shetland, kaskazini mwa Uskoti, kwa kulindwa na kwa kushiba samaki waliotupwa na meli za uvuvi. Makombo hayo yalipopungua, hasa katika miaka ambayo samaki wembamba wanaojifukia mchangani walikuwa haba, skua waliwageukia zaidi ndege wenzao, wakiwemo shakwe wadogo wa majabalini.

Jike, ambaye ni mkubwa kuliko dume, hutaga mayai mawili ardhini, nayo huatamiwa kwa takriban mwezi mmoja. Anayekaribia kiota hushambuliwa kichwani bila kujali kimo chake (kuinua fimbo juu ya kichwa husaidia, kwa kuwa ndege hulenga sehemu iliyo juu zaidi).

Uskoti ilikuwa na zaidi ya nusu ya skua wakubwa wote duniani pale homa kali ya mafua ya ndege ilipozuka miongoni mwao mwaka 2021 na kurudi kwa nguvu zaidi mwaka 2022. Hesabu zilizofuata zilionyesha kwamba idadi yao nchini humo ilikuwa imeshuka kwa takriban asilimia 76. Yaelekea tabia zao ziliuharakisha ugonjwa: hula mizoga ya ndege wengine na hukusanyika kuoga katika vidimbwi vilevile vya maji baridi. Kwa kuwa skua kwa kawaida huanza kuzaa akiwa na umri wa miaka saba hivi, pengo hilo haliwezi kuzibwa kwa misimu michache.